Kazi za Handeni Zilikuja kwa Utani

Jumatatu, 3 Februari 1975

Leo daktari amenisikiliza kifua kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akasema moyo wangu umekuwa mkubwa. Mwanangu Mwaija akafurahi. Akasema baba ana moyo mkubwa tangu zamani, hata majirani wanajua. Daktari akamtuma akachukue dawa dirishani.

Tulipobaki wawili akaniambia ukweli. Moyo ukipanuka hivi haurudi. Maji yameanza miguuni, yatapanda. Nisile chumvi, nisipande mlima, nisifanye kazi. Nikamuuliza, mpaka lini? Akasema, "Mzee, wewe umesoma, sikufichi. Masika haya sijui kama utayamaliza."

Nimemwambia Mwaija daktari amekataza chumvi. Hayo mengine sijamwambia. Nikatoka hospitali nikaenda moja kwa moja ofisini.

Naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani kuliko huo moyo. Dhambi zangu kwa Mungu nitaziombea mwenyewe. Lakini haki ya mja ni kitu kingine — lazima mja mwenyewe akusamehe, kabla hujafa. Na mja wangu ni Yuditha, mpiga chapa wetu, pamoja na wenzake pale ofisini. Mimi ndiye niliyewaletea kazi za Handeni.

Nitaeleza kesho. Miguu imejaa, imekuwa kama ya mtu mwingine aliyeniazima.

Jumanne, 4 Februari

Maelezo, basi.

Nilikuwa karani wa masjala tangu enzi za Mwingereza. Nikastaafu, nikakaa Korogwe ya zamani kulinda kuku wa Mwaija. Kuku wenyewe hawakuniheshimu. Mwaka jana vijana wa ofisi walipochukuliwa kwenda kusaidia operesheni ya kuhamia vijijini, shirika likanikumbuka. Shirika letu linagawa mbegu na majembe kwa vijiji vya ujamaa. Wakaniita nirudi kwa muda. Nilivaa koti siku hiyo tangu alfajiri.

Meneja, Ndugu Habakuki, ni Mnyamwezi wa Tabora. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Watani. Babu zao walipita kwetu na mizigo ya misafara kwenda pwani, babu zetu wakawauzia mhogo na kuwacheka. Siku ya kwanza tu aliponiona akauliza, "Maiti huyu nani kamleta kazini?" Nikamjibu, "Nimekuja kukuhesabia mizigo, mpagazi wewe." Tukaelewana hapo hapo.

Mwezi wa kumi na mbili wageni wakaja kutoka mkoani. Wakauliza kama Korogwe inaweza kushika na hati za Handeni, maana makarani wa kule wote wako operesheni. Habakuki akaniita mbele yao. "Mtani, mtaweza?"

Nikasema, "Lete Handeni. Lete na Tabora. Mzigua mmoja mwenye kalamu anawatosha Wanyamwezi kumi wenye mizigo."

Wageni wakacheka. Habakuki akacheka mpaka akafuta macho. Wiki iliyofuata lori likashusha makabati manne.

Mimi nilikuwa natania. Yeye alikuwa anauliza.

Wenzangu wanadhani mkoa ulilazimisha. Wanautukana mkoa kila asubuhi, nami naitikia. Na niandike yote, kwa kuwa hakuna atakayesoma: ilikuwa tamu. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyeniuliza kama nitaweza kitu.

Alhamisi, 6 Februari

Ofisi yetu ina watu wanne na nusu. Nusu ni mimi. Isaka ni mhasibu na mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Salimu ni dereva. Lekishon, mtoto wa wafugaji, ni mlinzi, lakini tangu Handeni ije amepewa kazi ya kugonga mihuri. Anagonga kama anaua nyoka. Yuditha anapiga chapa wilaya mbili peke yake, kila hati nakala sita, na kaboni zimechakaa, kwa hiyo lazima agonge kwa nguvu za mtu anayetwanga.

Leo kabati limeanguka. Sababu ni majina. Vijiji vya kwetu karibu vyote ni Kwa na Kwe: Kwamkono, Kwamsisi, Kwachaga, Kwediboma, Kwamatuku. Kwa taratibu za masjala vyote vinaingia droo ya K. Droo ya A ina buibui. Droo ya K ina wilaya nzima, na leo imetoka na kabati lake, ikamkosa Lekishon mguu.

Isaka akasimama juu ya karatasi, akatoa uamuzi. Tuvipange kwa herufi ya pili.

Salimu akamwambia, "Ya pili ni W, mwenyekiti."

Isaka akafikiri. "Ya tatu?"

"A na E. Tutakuwa na droo mbili za kuanguka."

Habakuki akaja kwa kishindo kile. Akatazama, akaniambia, "Nyinyi Wazigua hamna mahali penu wenyewe? Kila mahali kwa fulani, kwa fulani. Kama mmekaribishwa."

Nikamwambia, "Afadhali sisi tumekaribishwa. Nyinyi mlikuwa mnapita tu."

Wakacheka wote. Yuditha hakucheka. Alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili.

Ijumaa, 7 Februari

Yuditha ana mimba ya miezi saba. Mwaka jana alikuwa na nyingine. Iliharibika mwezi wa sita, hapa hapa mezani, wiki ya kufunga hesabu. Tulikuja kuambiwa. Alirudi kazini baada ya siku chache, akafunika mashine yake kwa kitambaa kipya.

Safari hii anataka kwenda kwa mama yake Bungu, mlimani, mama yake ni mkunga. Lakini masika yakianza ile barabara huteremka yenyewe. Lazima aende kabla ya mvua. Likizo ni haki yake, imeandikwa. Habakuki amemwambia asubiri mpaka mwisho wa mwezi wa nne, mbegu ziishe.

"Mtoto anatoka mwezi wa nne," Yuditha akasema.

"Vizuri. Mtamaliza pamoja."

Alisema kwa furaha, kama anampa zawadi. Si mtu mbaya. Yeye mwenyewe anabeba magunia na vibarua, Jumapili yuko ofisini kabla yetu. Ndiyo taabu yake. Anadhani kila mtu amezaliwa na bega la Tabora.

Na mimi ndiye niliyemwambia tunaweza.

Jumatatu, 10 Februari

Kikao cha kamati, stoo, juu ya magunia ya mbegu. Mimi wamenipa gunia la maharage, ni laini zaidi.

Isaka amesoma Mwongozo wa chama, ibara ya kumi na tano, kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Kiongozi asiwe mwenye kiburi, asiwe mdharau watu. Akapendekeza tumfungie meneja nje ya geti, kama wafanyakazi wa viwanda Dar es Salaam.

Salimu akasema, "Tukimfungia nje atapanda Landrova aende Handeni kutafuta kazi nyingine ya kutuletea."

Pendekezo likafa.

Lekishon akauliza kama anaruhusiwa kusema, maana yeye si karani. Akaruhusiwa. Akasema, "Mimi nililetwa hapa kulinda karatasi zisiibwe. Sasa namwomba Mungu mwizi aje."

Ndipo Yuditha akasema twende kwa njia nyepesi. Mzee Sadala aende akaseme. Ni mtani wake. Hata akimwambia neno la namna gani, yule hakasiriki wala hawezi kumfukuza. Wote wakasema ndiyo, kwa nini hatukufikiri mapema. Mimi nikakohoa. Wakahesabu kukohoa kuwa nimekubali.

Mimi! Wamemtuma mbuzi akalinde shamba.

Jumanne, 11 Februari

Nimeingia kwake asubuhi. Nikasimama wima kadiri miguu inavyoruhusu.

"Ndugu Meneja, wafanyakazi wamenituma. Mzigo wa kazi umezidi."

Pale pale nikajua nimekosea neno. Maneno yote ya Kiswahili yapo, mimi nimechagua hilo.

"Mzigo?" Akaegemea kiti. "Mzigua anakuja kumweleza Mnyamwezi habari za mzigo? Babu yangu alitoka Tabora mpaka Bagamoyo na pembe ya ndovu begani, miguu mitupu. Nyinyi mnalia na karatasi?"

"Babu yako alikuwa na pembe moja. Sisi tuna wilaya mbili."

Akapiga meza kwa kucheka.

"Mtani, nasema kweli. Watu wataanguka."

"Wakianguka waanguke upande wa Handeni, wapate mapokezi."

"Handeni hatupokei maiti ya kazi, tunapokea ya shibe."

Nani aliniambia nijibu hivyo? Hakuna. Mdomo wangu una miaka sabini ya kurudisha, hauningojei. Nikacheka na yeye. Akaniambia kilimo mwaka huu ni cha kufa na kupona, nami nikamwambia basi nimechagua kufa, na tukacheka tena.

Nilipotoka wenzangu walikuwa wamejipanga ukumbini. Walisikia kicheko. Isaka akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hongera mzee, leo umewakilisha.

Alhamisi, 13 Februari

Nimejaribu tena. Nimeswali rakaa mbili za haja. Nimevaa koti juu ya kanzu. Nimeapa nikiwa njiani kwamba neno la utani halinitoki hata nikitobolewa.

Habakuki akaniangalia. "Mtani, umefiwa?"

"Sina utani leo, Ndugu Meneja."

"Huo ndio mkubwa kuliko yote." Akaanza kucheka mapema, kama mtu anayekaa kungoja ngoma.

Nikasema kuhusu Yuditha, nikasema kuhusu mwaka jana. Akatikisa kichwa, akasema, "Mzigua akiona kazi hukumbuka wanawake wenye mimba." Nikaona hapana, niende mpaka mwisho. Nikafunga mlango.

"Habakuki. Mimi nakufa. Daktari kaniambia masika haya simalizi."

Akanitazama. Kidogo tu. Nikadhani imeingia.

Akasema, "Ukifa, koti hilo langu. Na nakuapia, nitakaa ndani ya shimo la kaburi. Hawakuziki mpaka Mwaija anipe jogoo."

Ni haki yake, ndiyo mila. Mtani msibani huja kudai. Na mimi nikafanya nini? Nikambishia jogoo. Nikamwambia jogoo ni mkubwa kwa Mnyamwezi wa meza, achukue tetea. Akasema tetea yupi. Nikamtaja yule mwenye kishungi. Tukakubaliana.

Nimekwenda kudai haki za wafanyakazi. Nimerudi nimepanga maziko yangu.

Nimewaambia wenzangu meneja analifikiria.

Jumapili, 16 Februari

Kazini. Hata sukari ya chai hakuna, mji mzima hakuna. Tunakunywa chai chungu na kutazamana.

Nimekaa na Lekishon anagonga mihuri. Nikamwuliza, kwao kuna utani kama wetu na Wanyamwezi? Akasema wanataniana, ndiyo, wazee kwa wazee, rika kwa rika. Lakini mtu akija akasema ng'ombe amekufa, ng'ombe amekufa. Watu wanasimama wanakwenda kumtazama.

"Hamsemi ni mzaha?"

"Mzee, nani atafanya mzaha na ng'ombe?"

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Sisi ng'ombe wetu amekufa tangu lori lishushe makabati, na mimi ndiye niliyetumwa kupeleka habari, na kila nikifika mlangoni watu wanacheka.

Mwaija anasema miguu imezidi. Nimemwambia ni viatu.

Jumatano, 19 Februari

Leo asubuhi ameingia mzee Lekakeny, mjomba wake Lekishon, anayefuga huko mbugani Handeni. Amepanda lori usiku kucha. Begani ana jembe jipya, la kwetu, lina mhuri wetu.

Shikamoo zilipokwisha akauliza, "Nani amekufa?"

Tukamwambia hakuna aliyekufa.

"Sisi hatuchimbi ardhi. Mtu akituletea majembe, anatuambia tuchimbe kaburi. Mmetuletea majembe lori zima. Nimetumwa na wazee nije niulize ni kaburi la nani, kubwa namna hiyo."

Salimu akatoka nje. Nilimsikia akicheka nyuma ya Landrova. Lekishon akaangalia mhuri wake.

Ni droo ya K. Siku ile kabati lilipoanguka tulirudisha karatasi kama tulivyookota. Majembe ya kijiji kimoja cha wakulima yamekwenda kwa wafugaji wenye jina linalofanana, na wakulima wako pale wanangoja na mvua inakuja. Mkoa umekwisha pata habari kabla yetu.

Kwa mara ya kwanza Habakuki hakucheka. Akashika nakala juu, akamwuliza Yuditha hii imechapwa na nani. Yuditha akasema ni yeye. Meneja akasema basi hakuna likizo mpaka hati zote za Handeni zichapwe upya na kuhakikiwa.

Nikasimama. Nikasema kosa si la vidole vyake, kosa ni la masjala, na masjala ni mimi.

"Usimtetee, mtani," akasema. "Wewe hujapata kukosea karatasi tangu Mwingereza, ulijisifu mwenyewe."

Kweli nilijisifu.

Yuditha hakulia. Alikaa, akavua viatu chini ya meza. Miguu yake imevimba. Nami nilikuwa nimevua vyangu. Tukatazamana miguu, mimi na yeye.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemwambia.

Baada ya swala ya Ijumaa nilirudi ofisini, Yuditha alikuwa peke yake, wenzake walikuwa wamekwenda kula. Nikavuta kiti. Nikamweleza yote, wageni wa mkoani, swali la Habakuki, jibu langu, kicheko. Sikupunguza. Aliendelea kupiga chapa mpaka mwisho wa mstari. Kisha akarudisha mkono wa mashine taratibu.

"Kwa hiyo Handeni yote hii ni mdomo wako, mzee?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ulisema walete na Tabora?"

"Nilisema."

"Nashukuru Tabora haikusikia."

Nikafikiri amecheka. Nikatazama vizuri. Hakucheka. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia kwa nini nauomba sasa, na daktari alisema nini. Yeye ni mtu wa kwanza kumwambia akanisadiki. Alinitazama usoni, akaamini, basi. Hakunipa pole.

Akasema, "Mzee, nikikusamehe leo itakuwa ni adabu tu, kwa sababu wewe ni mkubwa na unaumwa. Mungu atajua ni adabu. Ngoja nifike Bungu. Nikijifungua salama nitakusamehe huko huko, kweli kweli."

Nikamwambia pengine sitakuwapo.

"Basi fanya haraka nifike."

Akaweka karatasi nyingine. Halafu akasema bila kugeuka, "Meneja ukimwambia kweli anacheka. Wewe mwache acheke. Mambo haya yaliingia kwa mlango huo, na yatokee huo huo."

Jumatatu, 24 Februari

Sikwenda. Pumzi inakata nikilala, nikikaa inarudi. Mwaija ameniwekea mito mitatu mgongoni, anaendelea kulaumu chumvi. Salimu amepita kunijulia hali. Amesema juu kwenye milima mawingu yamekaa, na lori la jana la Bungu lilisukumwa na abiria mara mbili.

Nimelala nawaza sheria za utani. Zipo, si kelele tu. Mtani anaweza kukamata kitu cha mtani wake. Akikikamata, mwenyewe hana ruhusa ya kukasirika wala kupokonya. Lazima akomboe. Akikataa kukomboa, aibu inamtangulia mpaka kwao.

Marehemu baba aliwahi kukamata ngoma ya Wanyamwezi waliokuja kukata mkonge Mazinde. Aliikalia. Kweli kweli, alikaa juu yake barabarani, wao wamesimama. Walitoa tumbaku, akakataa. Walitoa shoka, akakataa. Jioni wakatoa mbuzi. Nilikuwa mdogo nashika kamba ya yule mbuzi na nakumbuka wale Wanyamwezi walivyokuwa wanacheka na huku mmoja wao anataka kulia.

Jumatano, 26 Februari

Mvua imenyesha usiku. Si masika yenyewe, ni salamu tu. Lakini Yuditha alipoingia asubuhi uso wake ulikuwa umekwisha fika mlimani na kukwama.

Naandika haya nikiwa kwenye kiti cha meneja.

Salimu alinileta na Landrova kabla Habakuki hajafika. Nikaingia ofisini kwake, nikazunguka meza, nikakaa. Kiti chenyewe kizuri, kina mikono. Nikavua viatu. Habakuki akafungua mlango, akasimama.

"Mtani, umepotea njia? Choo kiko nje."

"Nimekikamata."

"Umekamata nini?"

"Kiti. Komboa."

Nikaona anaelewa. Meno yote yakaonekana. Akaweka mfuko chini, akasugua mikono. Nadhani tangu ahamie Korogwe hakuna mtu aliyemfanyia hivi sawasawa, kwa mila, na alifurahi kama mtoto.

"Nakupa tumbaku."

"Sivuti. Kifua."

"Nakupa sukari. Ninayo kilo nzima nyumbani."

Hapo niliyumba. Niseme kweli. Sukari, kilo nzima, Februari hii.

"Hapana," nikasema. "Ukombozi wangu una vichwa viwili. Yuditha aende likizo leo, si kesho, na Salimu ampeleke Bungu. Na makabati ya Handeni yarudi Handeni."

Akacheka, lakini alichelewa kidogo. "Mtani, hilo si jambo la kiti."

"Basi simama. Ofisi ina magunia, kalia gunia."

"Mkoa nitauambia nini?"

"Utauambia Mzigua alikaa. Kama huwezi, sema huwezi, nami nitapeleka salamu Tabora kwamba mtoto wao kashindwa kukomboa kiti."

Akazunguka chumba mara mbili. Akasema ukombozi mkubwa namna hii hauamuliwi na mtu mmoja, lazima awe na mwenzake wa kwao kushuhudia. Ni kweli, ndivyo ilivyo. Amekwenda stesheni kumwita fundi mmoja wa reli, Mnyamwezi mwenzake. Alitoka mbio, amesahau hata kofia.

Ofisi yote imekuja kutazama. Isaka anataka tuongeze ibara ya kumi na tano katika ukombozi. Nimemwambia aiache, hii ni sheria kongwe zaidi. Lekishon amesimama mlangoni na rungu lake. Amesema leo amerudishiwa kazi yake.

Yuditha ameniletea uji. Kisha akarudi mezani kwake, nikasikia mashine. Mara moja tu, karatasi moja. Ameileta, ameiweka mbele yangu. Hati ya likizo. Imebaki sahihi.

"Umekaa vizuri, mzee?"

Nikamwambia nimekaa vizuri. Nilitaka kusogea kidogo nimwonyeshe. Miguu haikuja. Nimejaribu tena sasa hivi, wengine wametoka, nimeshika mikono ya kiti, nimejivuta. Hakuna. Kuanzia kiunoni ni kama nimekalia mtu mwingine. Na pumzi imekuwa fupi, naipata kwa vipande. Lekishon amegeuka kunitazama, nikamtolea meno.

Kama Habakuki akisema hapana, siwezi hata kuinuka kwa hasira. Akisema ndiyo, siwezi kuinuka kumpa kiti chake.

Nawasikia barazani. Wawili, wanacheka. Huyo wa reli ana kicheko kikubwa, kinatangulia mwenyewe. Anasema yuko wapi huyo mchawi.

Wameingia. Fundi anacheka bado, amenielekezea kidole. Habakuki amenitazama usoni, akashuka mpaka miguuni, hapa nilipovua viatu. Macho yake yamekaa hapo. Amesema, "Mtani." Sijajibu. Pumzi niliyo nayo naitumia kuandika. Akasema tena, chini, "Mzee Sadala." Hajapata kuniita hivyo.

Amemwambia mwenzake anyamaze.

Yuditha yuko mlangoni, mkono mmoja tumboni. Habakuki ameichukua ile hati. Anaisoma. Anaisoma tena. Sasa anapapasa mfuko wa shati, anapapasa mezani, anainua mafaili, anatafuta kalamu —

Kalamu yake ndiyo hii ninayoandikia.